Kaisari na Wale Waliomwitikia

Katika Evanjili ya Mtakatifu Luka, sura ya tatu, twasoma ya kwamba neno la Mungu lilimjia Yoane Mbatizaji katika mwaka wa 15 wa utawala wa Kaisari Tiberius, wakati Pontio Pilato alipokuwa liwali wa Yudea. Na siku ya Ijumaa Kuu, katika Mateso yaliyoandikwa na Mtakatifu Yoane, twasikia jinsi watu walivyomtisha Pilato: akimfungua Yezu, yeye si rafiki wa Kaisari. Pilato alikuwa amekwisha kusema mara kwa mara ya kwamba haoni kosa kwa mtu huyu. Lakini alipolisikia neno hilo, akalegea.

Neno hilo lilikuwa na nguvu gani hata liwali mwenye askari aliogope? Kwa kulijua yatupasa kuiacha Yerusalemu kidogo, twende Roma kwenyewe, tuone jinsi wakubwa wa mji ule walivyoishi chini ya Kaisari Tiberius. Na kiongozi wetu atakuwa mtu asiyekuwa Mkristu, tena asiyewapenda Wakristu: Cornelius Tacitus, mwandishi mkubwa wa historia ya Waroma.

Tacitus alizaliwa karibu na mwaka wa 56. Hakuwa mtu wa kuutazama utawala kwa mbali, kama mwanakijiji aonaye moshi wa nyumba ya mfalme. Aliingia ndani ya nyumba. Kaisari Vespasian alimwanzishia njia ya ukubwa, Titus akamwendeleza, na Domitian, aliyekuwa mkali kuliko hao wawili, akampandisha zaidi. Katika mwaka wa 88 alikuwa hakimu mkuu, na katika mwaka wa 97 akawa konsuli, cheo ambacho zamani kilikuwa cha juu kuliko vyote Roma. Baada ya hapo ndipo alipoanza kuandika. Kwanza aliandika habari za maisha ya baba mkwe wake, Agricola. Kisha vitabu vya Historia. Na mwisho vile viitwavyo Annales, vinavyoanza na kifo cha Kaisari Augustus katika mwaka wa 14.

Tuanze na kifo hicho. Augustus alikuwa ametawala zaidi ya miaka 40, na watu waliokumbuka Roma isiyo na Kaisari walikuwa wamebaki wachache. Mahali pake alishika Tiberius, mtoto wa mkewe. Naye hakuwa kijana mjinga: alikuwa na miaka 54, alikuwa ameongoza majeshi vitani kwa miaka mingi, na askari walimjua. Alipoingia, alisitasita. Alisema ya kuwa kazi ni kubwa mno kwa mtu mmoja, na ya kuwa Senati, yaani baraza kuu la Roma, imsaidie. Je, alisema kweli au alikuwa akiwapima? Tacitus aona ya kuwa alikuwa akiwapima. Lakini si Tiberius anayemshughulisha sana katika kurasa zile za kwanza. Ni wale wengine. Atuonyesha makonsuli, wazee wa Senati na matajiri, wote wakikimbilia utumwa kwa miguu yao wenyewe. Na kadiri mtu alivyokuwa wa ukoo mkubwa, ndivyo alivyozidi kukimbia. Walitengeneza nyuso zao kwa uangalifu: wasionekane wamefurahi kwa sababu Augustus amekufa, wala wasionekane wamehuzunika kwa sababu Tiberius ameingia. Machozi kidogo, furaha kidogo, na sifa nyingi.

Kuna mmoja, jina lake Valerius Messalla, aliyetoa shauri ya kwamba kila mwaka watu waape upya kumtii Tiberius. Tiberius akamwuliza mbele ya wote kama yeye ndiye aliyemtuma kusema hivyo. Messalla akajibu la, asema kwa moyo wake mwenyewe, na katika mambo ya serikali atasema daima yaliyo moyoni mwake tu, hata kama kwa kufanya hivyo atamchukiza mkubwa. Tacitus aongeza ya kwamba hiyo ndiyo namna ya kujipendekeza iliyokuwa imebaki bila kutumiwa na mtu. Naamini hata leo msomaji atacheka, maana watu wa namna hiyo hawajaisha duniani.

Si kwamba Tiberius alikuwa mbaya katika kila jambo. Tacitus ni mwandishi mkali, lakini hafichi mema. Katika mwaka wa 17 tetemeko la nchi lilibomoa miji 12 ya Asia katika usiku mmoja. Tiberius aliuahidi mji wa Sardis, ulioumia kuliko yote, sesterti milioni 10, akauachia kodi kwa miaka mitano. Katika mwaka wa 25 watu wa Hispania walitaka kumjengea hekalu, wamwabudu. Akakataa, akisema ya kuwa yeye ni mtu wa kufa na kazi yake ni kazi ya watu. Tena, mwanzoni alitaka kusikia mashauri ya wengine. Siku moja, katika hukumu ya mtu aliyeshtakiwa kwa kumtukana, alikasirika akasema atapiga kura yake mwenyewe, waziwazi. Hapo Gnaeus Piso akasimama akamwuliza atapiga kura ya ngapi. Akiwa wa kwanza, Piso atajua la kufuata. Akiwa wa mwisho, Piso aogopa asije akapingana naye bila kujua. Kaisari akaona haya, na yule mtu akaachiliwa. Hebu tulifikiri swali la Piso. Halina tusi hata moja, lakini laonyesha ugonjwa wote wa baraza lile: mkubwa akiisha kusema, nani atabaki na neno lake?

Ugonjwa huo ulipata chakula chake katika sheria. Tangu zamani Waroma walikuwa na sheria juu ya watu walioiaibisha serikali, kama vile jemadari aliyesaliti jeshi. Zamani waliadhibu matendo, maneno yalikuwa huru. Augustus aliongeza maandiko ya matusi. Chini ya Tiberius, neno lililosemwa mezani likaweza kumfikisha mtu hukumuni. Na kwa kuwa Roma haikuwa na mshtaki wa serikali, mtu yeyote aliweza kumshtaki mwenzake. Na mshtakiwa akihukumiwa, robo ya mali yake ilikwenda kwa aliyemshtaki. Basi kazi ya uchongezi ikawa kazi ya faida. Katika mwaka wa 24 wengine katika Senati walishauri ya kwamba, kama mshtakiwa amejiua kabla ya hukumu kwisha, wachongezi wasipate kitu. Tiberius akakataa kwa maneno makali: afadhali sheria zote zifutwe kuliko kuwaondoa walinzi wake. Wachongezi ndio aliowaita walinzi wa sheria.

Sasa nitasimulia habari moja kwa urefu kidogo, kwani katika yote yaliyoandikwa na Tacitus sijaona inayoeleza vizuri zaidi jinsi hofu inavyoingia katika mji.

Kulikuwa na mtu wa cheo aitwaye Titius Sabinus. Alikuwa rafiki wa Germanicus, mtoto wa ndugu yake Tiberius, na Germanicus alipokufa katika mwaka wa 19, wengi waliokuwa wakimzunguka walitawanyika. Sabinus peke yake aliendelea kumtembelea mjane wake na watoto wake, akitembea nao barabarani mbele ya watu wote. Siku zile aliyekuwa na nguvu Roma ni Sejanus, mkuu wa askari walinzi, naye aliuchukia ukoo wa Germanicus. Wanaume wanne waliokwisha kuwa mahakimu wakuu walitamani kuwa makonsuli. Njia ya kufika huko ilipita kwa Sejanus tu, na Sejanus hakupendezwa na mtu ila kwa tendo baya. Basi wale wanne wakafanya shauri juu ya Sabinus.

Mmoja wao, Latiaris, aliyemjua kidogo, alianza kuzungumza naye njiani. Alimsifu kwa uaminifu wake, akasema maneno mema juu ya Germanicus, akamsikitikia mjane. Sabinus akalia, maana moyo wa mtu mwenye huzuni ni laini. Tangu siku ile akamhesabu Latiaris kuwa rafiki wa kweli, akawa anakuja kwake kumwambia uchungu wake. Siku iliyopangwa, Latiaris akamwita nyumbani. Na wale watatu, wazee wa Senati ya Roma, wakubwa wa nchi, walikuwa wamejificha juu, kati ya paa na dari, wametega masikio kwenye matundu na nyufa. Sabinus akasema mengi juu ya Sejanus, na juu ya Tiberius pia. Wakaandika barua kwa Kaisari, wakieleza hata hila yao wenyewe bila kuona haya.

Siku ya kwanza ya Januari ya mwaka wa 28, siku ya sala na heri za mwaka mpya, barua ya Tiberius ilisomwa katika Senati, na Sabinus akapelekwa kuuawa siku ile ile. Popote alipogeuza uso, watu walikimbia. Njia na masoko yakabaki matupu. Kisha, asema Tacitus, wengine walirudi wakajionyesha tena, kwa kuwa waliogopa kuonekana wameogopa. Tangu hapo mjini mtu hakuzungumza na jamaa zake. Walitazama hata kuta na dari, ingawa hazina uhai.

Wakati huo Tiberius mwenyewe hakuwapo mjini. Alikuwa ametoka Roma tangu mwaka wa 26, akaenda kukaa katika kisiwa cha Capri, asirudi tena mpaka kufa. Hakuwa juu ya dari. Waliokuwa juu ya dari ni watu wanne waliotaka cheo. Tacitus asimulia pia ya kuwa Tiberius, kila alipotoka katika Senati, alizoea kusema kwa Kigiriki ya kuwa hao ni watu walio tayari kwa utumwa. Maana yake, hata mtu asiyependa uhuru wa watu alichoshwa na unyonge wao.

Je, ilikuwa lazima iwe hivyo? Tacitus alijiuliza swali hilo, na jibu lake amelipata kwa mtu mmoja, Marcus Lepidus. Katika mwaka wa 21 mshairi aitwaye Clutorius Priscus aliandika utenzi wa maombolezo juu ya Drusus, mwana wa Tiberius, wakati Drusus alipokuwa mgonjwa tu. Alitumaini ya kwamba Drusus akifa atapata zawadi. Tena kwa majivuno akausoma mbele ya wanawake wakubwa. Upumbavu, lakini hakumwua mtu. Senati ikataka auawe. Lepidus akasimama akasema maneno ya Priscus yastahili adhabu, lakini neno la bure ni mbali na tendo ovu. Afukuzwe nchini, yatosha. Mmoja tu alimwunga mkono. Wote wengine wakapiga kura ya kifo, na Priscus akauawa papo hapo. Tiberius alipopata habari, aliandika barua isiyo wazi: akawasifu kwa bidii yao, akawaomba wasiharakishe kuadhibu maneno, akamsifu Lepidus. Hapo ikaamriwa ya kwamba tangu sasa hukumu ya Senati isitekelezwe kabla ya siku 10. Lepidus hakumwokoa Priscus. Alipata siku 10 kwa ajili ya wengine.

Tacitus amtaja Lepidus kwa heshima nyingi. Asema ya kwamba mtu huyu amfanya ashuku kama kweli urafiki na chuki ya wakubwa hutoka katika nyota ya mtu aliyozaliwa nayo, au kama kuna njia ambayo mtu aweza kuichagua, kati ya ukaidi usio na faida na utumwa wa aibu. Lepidus aliishi chini ya Tiberius karibu miaka 20, na mpaka kufa hakupoteza heshima yake.

Naye Marcus Terentius afaa kutajwa. Sejanus alipoanguka na kuuawa katika mwaka wa 31, wale wale waliokuwa wakimbusu mikono walikana ya kwamba walimjua. Terentius aliposhtakiwa kwa urafiki naye, alikiri wazi. Ndiyo, nilikuwa rafiki yake, akasema, na nilifurahi. Wewe Kaisari ndiwe uliyempandisha, nasi tuliheshimu hata mabawabu wake. Hakuna aliyethubutu kusema hivyo kabla yake. Akaachiliwa, na walioshtaki ndio walioadhibiwa.

Tiberius alikufa tarehe 16 Machi ya mwaka wa 37, mwenye miaka 77. Hapo wenye kuchungua tabia za watu huuliza: utawala ulimharibu mtu huyu, au ulimfunua tu? Tacitus aandika majibu mawili, karibu karibu, wala hajali kuyapatanisha. La kwanza lasemwa na mzee Arruntius, ambaye katika siku za mwisho za Tiberius aliamua kufa: kama mtu mwenye ujuzi mwingi hivi amegeuzwa na nguvu ya utawala, kijana Gaius atakayemfuata atakuwaje? (Gaius huyo ndiye Caligula, Arruntius hakukosea.) Jibu la pili ni la Tacitus mwenyewe. Apanga maisha ya Tiberius kwa vipindi: alikuwa mwema alipokuwa mtu wa chini ya Augustus, akaficha moyo wake Germanicus na Drusus walipokuwa hai, akachanganya mema na mabaya mama yake alipokuwapo, akaficha tamaa zake alipompenda au kumwogopa Sejanus, na mwishoni, walipoondoka wote aliowaonea haya au hofu, akafuata tabia yake mwenyewe.

Mimi naona jibu hili la pili ni zito kuliko lile la kwanza, na ni la kutisha zaidi. Sallustius, aliyeandika zaidi ya miaka 100 kabla ya Tacitus, alisema habari kama hiyo juu ya taifa zima: Waroma walikuwa wema muda wote walipoiogopa Kartago, mji huo ulipobomolewa katika mwaka wa 146 kabla ya Kristu, hofu ikaondoka, na tamaa ya mali na ya ukubwa ikaingia. Tacitus aliuchukua mfano wa taifa akauleta katika moyo wa mtu mmoja. Watu wanaomzunguka mkubwa ni kama ukingo wa mto. Ukingo ukibomoka, maji hayana kosa jipya. Yalikuwa maji tangu mwanzo.

Lakini Tacitus hataki tuamini ya kwamba mambo huenda njia moja daima. Juu ya Galba, aliyetawala miezi saba tu, akauawa Januari 69, asema kila mtu alimwona anafaa kutawala, mpaka alipotawala. Na juu ya Vespasian asema kinyume: katika Makaisari wote mpaka wakati wake, ndiye peke yake aliyegeuka kuwa mwema zaidi.

Mpaka hapa Tacitus alikuwa akisimulia mambo ya kabla ya kuzaliwa kwake au ya ujana wake. Yako maneno mengine, katika kitabu cha Agricola, ambapo ajitaja mwenyewe. Katika mwaka wa 93 Domitian aliwashika watu walioandika au kusema vizuri juu ya wapenda uhuru wa zamani. Vitabu vyao vilichomwa moto uwanjani. Senati ilizungukwa na askari. Na Tacitus, ambaye miaka minne baadaye alivaa joho la konsuli, aandika ya kwamba mikono yetu ndiyo iliyompeleka Helvidius gerezani. Hasemi mikono ya Domitian, wala mikono yao. Aeleza tofauti moja kati ya Nero na Domitian: Nero aliamuru maovu lakini aligeuza macho asiyaone; Domitian alikaa akiwatazama wazee wa Senati, akiandika nani amepauka uso, na nani amevuta pumzi kwa huzuni.

Kwa ajili hiyo naona vigumu kumfuata katika jambo moja. Katika kitabu hicho hicho amsifu baba mkwe wake kwa utii na kiasi, kisha awasema waliotafuta sifa kwa kifo cha kujionyesha, kisicho na faida kwa nchi. Na juu ya Thrasea, aliyetoka katika Senati katika mwaka wa 59 wakati wenzake walipomshukuru Nero kwa kumwua mama yake, aandika ya kwamba alijiletea hatari bila kuwafungulia wengine mlango wa uhuru. Sisi tuliolelewa na habari za mashahidi hatuwezi kupima hivyo. Wala Tacitus hakushikamana na neno hilo mpaka mwisho, kwani alipofika kwenye hukumu ya Thrasea ya mwaka wa 66 aliandika ya kwamba Nero alitaka kuua wema wenyewe.

Tulisema hakuwapenda Wakristu. Akisimulia moto wa Roma wa mwaka wa 64, aita dini yetu ushirikina wa hatari, akitaja ya kwamba Kristu aliuawa na Pontio Pilato katika utawala wa Tiberius. Hata hivyo asema watu waliwahurumia, kwa kuwa waliangamizwa kwa ajili ya ukali wa mtu mmoja, wala si kwa faida ya wote.

Wamonaki ndio waliomhifadhi. Vitabu sita vya kwanza vya Annales vimetufikia kwa nakala moja tu iliyoandikwa kwa mkono Ujerumani katika karne ya 9, ikatunzwa katika monasteri ya Corvey, na kupigwa chapa Roma mwaka wa 1515 chini ya Papa Leo wa 10. Vitabu vya mwisho vya Annales, pamoja na kilichobaki cha Historia, vilinakiliwa Monte Cassino katika karne ya 11. Nakala hizo mbili zimewekwa Firenze, Italia. Sehemu kubwa imepotea. Anguko la Sejanus halimo, utawala wote wa Caligula haumo, wala yale aliyoyaandika Tacitus katika Historia juu ya Domitian, ambayo aliyaona kwa macho yake. Juu ya miaka hiyo zimebaki zile kurasa chache za Agricola, na neno lile juu ya mikono.